Nasaba ya ukoo Lamu: uanze kwa wazee, kwenye kasha, ofisini au kwa kipimo cha DNA?

Habari za koo za Amu, yaani Lamu, hazikuandikwa mahali pamoja. Sehemu imo vinywani mwa wazee. Sehemu imo kwenye makasha na vidaka (vishubaka vya ukutani) vya nyumba za mawe, nyingine kwenye majalada ya serikali Lamu, Nairobi na Unguja. Siku hizi kuna na kampuni za ng'ambo zinazoahidi kukusomea asili yako kutoka kwenye mate. Anayeanza kutafuta hupata washauri wengi kuliko msaada. Msomi atamwambia aende kwenye nyaraka, sharifu atamwambia shajara, yaani mti wa nasaba ulioandikwa, ipo, unatafuta nini tena, na binamu aliye Dubai au London atamtumia anwani ya maabara.

Wote wana haki, kwa sababu kila mmoja anamtafuta mtu tofauti. Shajara inawakumbuka wanaume. Wazee, hasa bibi zetu, wanawakumbuka wanawake na watoto. Hati inamkumbuka mwenye nyumba, na jalada la serikali linamkumbuka aliyelipa kodi, aliyeshtaki au aliyeshtakiwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza njia ipi ni bora, jiulize unamtafuta nani.

Vipimo vya kulinganisha

Nimezipima njia hizi kwa mambo matano. Kwanza, nani hupatikana humo na nani huachwa nje. Pili, inafika vizazi vingapi nyuma. Tatu, yaliyomo yanaaminika kiasi gani yakihojiwa. Nne, gharama, yaani fedha, muda na ruhusa. Tano, kasi ya kupotea: ukichelewa miaka mitano, utakuta nini? Hili la tano watu hulisahau, na mimi nalipa uzito kuliko mengine.

Kwa wazee

Kumbukumbu ya mdomo ndiyo inayowabeba wale ambao karatasi haikuwajali: mke wa pili aliyeachwa, mtoto aliyefariki kabla ya arubaini, mjomba aliyepanda jahazi kwenda Kismayu asirudi, na watu waliojulikana mtaa mzima kwa lakabu tu. Inabeba pia undugu wa kunyonya. Waliochangia ziwa hawaoani, basi nyumba mbili zilizonyonyeshana haziwezi kusahau, na mara nyingi ukiuliza nani alimnyonyesha nani ndipo unapogundua kwamba koo mbili unazozidhani mbali zilikuwa ukuta kwa ukuta.

Kwa kina, mzee mwenye kumbukumbu nzuri hukupa vizazi vitatu au vinne vya watu kamili, wenye sura na tabia. Juu ya hapo hubaki mnyororo wa majina. Hapo uangalie sana, maana kwetu mjukuu hupewa jina la babu, na watu wawili wenye jina moja huunganishwa wakawa mmoja, kizazi kizima kikamezwa. Tarehe nazo hutajwa kwa miezi yetu, "alizaliwa Mfungo Tano", yaani Safar, bila mwaka. Mwaka utautafuta kwa matukio: vita vya Wajerumani, vita vya pili, uhuru wa 1963, au miaka ya shifta iliyofuata, yaani ya vita vya waasi wa kaskazini mashariki, ambapo Wabajuni wengi walihama vijiji vyao wakakimbilia Lamu, Malindi na Mombasa. Kwa familia hizo zilizohama na walichoweza kubeba mikononi, mzee ndiye kasha lenyewe.

Asiwepo wa kukwambia kwamba mdomo ni dhaifu kuliko kalamu siku zote. Waingereza walipoishambulia Witu, mji wa bara karibu na Lamu, mnamo Oktoba 1890, inasimuliwa kwamba nakala ya zamani ya habari za wafalme wa Pate iliteketea humo. Tulicho nacho leo kimetokana kwa kiasi kikubwa na masimulizi ya Bwana Kitini, mzee wa ukoo wa Nabahani uliotawala Pate. Hata hivyo walioandika kutoka kwake walitoka na matoleo yasiyolingana kwa tarehe na kwa baadhi ya majina. Mdomo ulikiokoa kisa chenyewe lakini haukuweza kuilinda kila tarehe.

Gharama ya fedha ni ndogo, ila adabu ndiyo nauli. Nenda baada ya Alasiri, wala usianze na karatasi ya maswali. Kama mzee anaweza kutembea, fuatana naye mtaani, msimame mbele ya daka, yaani ukumbi wa mlangoni, la nyumba moja ya mtaa wa Mkomani au Langoni umuulize: "Hii ilikuwa ya nani, babu? Na kabla yake? Nani aliolewa humu?" Nyumba huita majina ambayo swali la "nitajie babu zako" haliwezi kuyaita. Mwanamume hataingia ndani kwa wanawake wasio maharimu wake, kwa hiyo mtume dada au shangazi akiwa na simu ya kurekodi. Ruhusa iombwe kwanza, kisha mwanzoni mwa sauti litajwe jina la anayezungumza, mahali na tarehe. Sauti isiyo na jina, baada ya miaka kumi haina mwenyewe.

Njia hii inamfaa anayetafuta upande wa mama, aliyepoteza karatasi, na yeyote ambaye bado ana mzee wa miaka themanini nyumbani. Kwa kasi ya kupotea, hakuna kinachoishinda: mzee akizikwa, hakuna ofisi ya kuombea nakala.

Kwenye kasha la nyumbani

Humu mna hati za nyumba, mikataba ya ndoa, wasia, barua kutoka Hadhramaut (Yemen) au Unguja, pasi za kuhiji, picha za studio zenye mhuri nyuma, na kurasa za mwanzo za Msahafu ambako baba aliandika siku ya kuzaliwa kila mtoto. Katika koo nyingine mna shajara iliyokunjwa kwenye kitambaa.

Chukua hati moja ya nyumba ya zamani uitazame kwa makini. Ina jina la muuzaji na la baba yake, la mnunuzi na la baba yake, bei, mashahidi, na kadhi. Kisha inataja mipaka minne: upande wa kibla, ambao kwetu Amu ni kaskazini, nyumba ya fulani, kusini nyumba ya fulani, na hivyo hivyo mashariki na magharibi. Karatasi moja imekupa watu kumi na mtaa mzima wa siku ile. Na kwa desturi ya Amu, baba mwenye uwezo humpa binti yake nyumba anapoolewa, mume akaja kuishi kwa mke. Ndiyo maana hati za nyumba za mawe zimejaa majina ya wanawake, binti fulani bin fulani, wakati shajara inayopanda hadi Hadhramaut na kuendelea mpaka kwa Mtume (S.A.W.) inaweza kushuka karne nyingi bila kumtaja mama hata mmoja. Shajara ina kina kisicho na mfano, lakini ni nyembamba kama uzi. Hati hairudi mbali hivyo, lakini inakufungulia mtaa kwa upana. Mwenye vyote viwili amebahatika.

Kuaminika kwake ni kukubwa, kwa masharti. Hati iliyoandikwa wakati wa ugomvi ina upande. Shajara iliyonakiliwa mara nyingi inaweza kuruka jina, hivyo linganisha nakala za nyumba mbili kabla ya kuapa. Tarehe za Hijria zisibadilishwe kwa kutoa tu, maana mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11. Tumia jedwali. Kwa mfano, mwaka 1300 wa Hijria ulianza Novemba 1882. Kama tarehe imeliwa na wadudu, tazama fedha: riale huashiria karatasi ya zamani zaidi, rupia zilitumika mpaka 1920, kisha baada ya kipindi kifupi ikaingia shilingi. Bahasha yenye mhuri wa posta ya Wajerumani ya Lamu haitoki nje ya miaka 1888 hadi 1891, kwa sababu posta hiyo haikuishi zaidi ya hapo.

Kikwazo ni kusoma. Hati nyingi ziko kwa herufi za Kiarabu, nyingine kwa lugha ya Kiarabu na nyingine Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo, bila nukta za kutosha. Mtafute maalim aliyezoea mkono wa zamani na umlipe haki yake. Kikwazo cha pili ni hofu. Pwani yetu imeteseka kwa mambo ya ardhi, na ukimwambia ami yako "nionyeshe hati" atafikiri umetumwa. Mwambie mapema unachotaka ni majina, akishike kikaratasi chake mwenyewe wakati unapiga picha, na kama hataki bei ionekane, afunike bei.

Kasha hupotea polepole kwa chumvi, unyevu na mchwa, na hupotea kwa siku moja nyumba inapouzwa. Nyumba nyingi za mji wa kale zimebadili wenyewe, na vilivyokuwa kwenye vidaka vikatolewa pamoja na takataka. Njia hii inawafaa wenye nyumba za zamani, wanaofuata mirathi au wakfu, na koo zenye wasomi.

Ofisini na kwenye hifadhi za nyaraka

Hapa napendelea uende ukiwa tayari una jina, mtaa na makisio ya mwaka. Asiye na hayo atazunguka kaunta hadi kaunta.

Karibu kabisa ni Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inaipa mamlaka ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Sheria ya kusajili ndoa na talaka za Waislamu pwani ni ya tangu 1906, kwa hiyo daftari zilizosalimika zina mambo. La thamani kuliko yote ni jalada la mirathi: linamtaja kila mrithi na fungu lake, wake, mabinti na ndugu wa upande wa baba. Upande wa ardhi, sheria ya 1908 iliwataka watu wa pwani wapeleke madai yao ya umiliki, na madai hayo yaliacha majina. Cheti cha kuzaliwa au cha kifo usikitegemee kwa babu: usajili ulikuwa wa lazima nchi nzima kufikia 1971 tu, na kabla ya hapo ni wa kubahatisha.

Mbali zaidi kuna Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi, iliyoanzishwa 1965. Uliza faharasa za mkoa wa pwani, zinazoanza na PC/COAST, na za wilaya ya Lamu, DC/LAM. Ni Kiingereza karibu zote, zimeandikwa na maofisa, na wanaotajwa ni maliwali na mamudiri (watawala wenyeji wa pwani), wazee wa mitaa, na watu waliogombana na serikali. Unguja, hifadhi ya Kilimani ina barua za Kiarabu na karatasi za ubalozi wa Uingereza, kwa kuwa ukanda wetu ulikuwa wa Sultani kabla ya kukodishwa na kuwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza mnamo 1895. Uliza habari ya kibali kabla hujasafiri.

Jambo moja linataka moyo. Mwaka 1907 hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria pwani ya Kenya, na waliokuwa mabwana wakaruhusiwa kudai fidia mahakamani. Kwa familia ambazo babu zao walitumikishwa, shajara hakuna, hati hakuna, na mara nyingi wazee walinyamaza kwa kuwa kusema kulikuwa kujidhalilisha. Karatasi za madai zilizobaki zinaweza kuwa mahali pekee ambapo jina la bibi yao liliandikwa, ingawa liliandikwa kama mali ya mtu. Nawasihi wanaotafuta upande huu wasikatishwe tamaa na wenye kusema "yaacheni hayo". Na anayeliona jina la ukoo wa mwenzake humo asilitembeze barazani. Hiyo ni amana.

Uhakika wa tarehe ofisini ni wa juu, wa majina ni wa chini. Karani aliandika alichosikia: Shee, Sheikh na Shekhe wanaweza kuwa mtu mmoja, kama Athman na Uthman, Bakari na Abubakar. Tafuta kwa kila tahajia. Gharama nayo si ndogo kwa mtu wa kisiwani: boti hadi Mokowe, basi kupitia Garsen na Malindi, malazi, ada, na siku za kungoja jalada lililoagizwa. Kwa upande wa kupotea, hii ndiyo njia yenye subira zaidi. Inawafaa wanaohitaji ushahidi wa kusimama mahakamani, waliotoka kwenye familia za watumishi wa serikali, na wasio na kasha.

Kipimo cha DNA

Hapa nitasema machache. Kipimo kinaweza kukuunganisha na binamu usiyemjua, kama naye amepima kwenye kampuni ile ile, na watu wetu waliopima ni wachache. Hakikupi jina la mtu wala mtaa. Utafiti uliochapishwa 2023 katika jarida la Nature, uliochunguza mabaki ya watu 80 kutoka miji ya kale ya pwani, Manda na Faza miongoni mwake, ulionyesha mchanganyiko wa mama wa Kiafrika na baba waliotoka Asia, hasa Uajemi, kuanzia takriban mwaka 1000. Ni habari kubwa kwa historia yetu sote, lakini haikwambii bibi yako alizaliwa nyumba gani.

Bei yake inapita ya kurekodi wazee wote wa mtaa. Na siri unayotoa si yako peke yako: ndugu zako nao wameingia humo bila kuulizwa, na jambo la uzazi lililositiriwa linaweza kufumuka. Inamfaa aliyelelewa bila kuwajua wazazi wake, au aliyemaliza njia zote nyingine.

Ukishapata, uhifadhi wapi?

Hapa uchaguzi ni wa namna tatu, na huna haja ya kuchagua moja tu.

Kuacha nyumbani kunalinda haki ya ukoo na baraka ya vitu vya wazee, lakini kunataka mtu mwenye jukumu. Kasha lisikae sakafuni wala lisigusane na ukuta wa nje. Hati zifungwe kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa na kukauka vizuri, si kwenye mfuko wa plastiki unaofungia unyevu ndani. Pini na stepo zitolewe kabla hazijashika kutu. Selotepu isitumike hata siku moja, gundi yake hugeuka rangi na kula karatasi. Na nawaomba sana, msipeleke hati ya zamani ikatiwe laminesheni. Inapendeza siku ya kwanza, lakini haitatoka tena humo salama.

Kupiga picha na kutunza kidijitali kunagawa nakala kwa kila tawi la ukoo bila kugusa asili. Skana kwa nukta 300 kwa inchi kwa karatasi, 600 kwa picha ndogo. Kwa simu, piga uani penye mwanga wa kivuli, karatasi ikiwa bapa, pande zote mbili hata upande mtupu. Jina la faili libebe mwaka, aina na mtaa. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya kisiwa. Udhaifu wake ni kwamba simu huibiwa, flashi hufa, na nenosiri hufa na mwenyewe.

Kukabidhi kwa taasisi, kama Makumbusho ya Lamu, kunakupa uangalizi wa watu wa fani. Kabla ya kukabidhi, uliza kama ni zawadi au mkopo, na udai karatasi yenye orodha na sahihi. Kuna njia ya katikati ambayo binafsi naipenda: miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, asili ikabaki pale pale Lamu. Ukoo unaweza kuomba mpango wa namna hiyo kwa kiwango chake.

Kwa hali yako

Una mzee hai na siku za likizo chache tu: rekodi. Kasha litangoja mpaka Idi ijayo.

Unatafuta upande wa mama: wanawake wa nyumbani kwanza, kisha hati za nyumba alizopewa kila binti, kisha jalada la mirathi kwa Kadhi. Shajara iweke mwisho.

Una kesi ya mirathi au wakfu: asili za kasha na nakala za ofisi zilizopigwa mhuri. Sauti ya mzee itakuelekeza pa kutafuta, lakini hati ndiyo itakayosomwa na hakimu.

Familia ilihama miaka ya shifta, au babu zako walitumikishwa: wazee, hata wale wa vijiji vya jirani mlikotoka, kisha Nairobi ukiwa na majina ya vijiji na ya waliokuwa wenye mashamba.

Uko ng'ambo: mlipe kijana wa nyumbani mwenye mkono mzuri apige picha za kasha, na mwombe dada akae na bibi. Fedha ya kipimo cha DNA itatosha kwa yote mawili.

Nyumba inauzwa mwezi huu: usipange, usisome, usibague. Piga picha ya kila kidaka kama kilivyo, andika kwa penseli kila bunda lilitoka chumba gani, kisha toa vyote uvipeleke kwa jamaa mwenye chumba kikavu. Mnunuzi aambiwe kabla ya kutia sahihi kwamba kitakachopatikana baadaye chenye maandishi, hata kipande, ni cha ukoo, na liandikwe hilo kwenye mkataba.